Trufa: Jina lililotangulia, kitu kikabaki nyuma

Wajerumani hukiita kiazi Kartoffel. Warusi nao husema kartofel, neno walilolichukua kwa Wajerumani. Mtu akilifuata neno hili hadi kwenye chimbuko lake hutarajia kufika Peru, maana kiazi kilitoka nchi za milima ya Andes. Lakini sivyo. Njia inampeleka Italia, kwenye neno tartufolo, yaani trufa ndogo. Kiazi kilipoingia Ulaya katika karne ya 16, Wahispania walilichukua jina la Kikechua, papa. Waingereza walikipa jina la kiazi kitamu, batata, ambalo sisi pia tulilipata kupitia kwa Wareno tukasema mbatata. Waitaliano wao waliona kitu cha mviringo, chenye ngozi ya kahawia na udongo, kinachofukuliwa ardhini, wakakipa jina la kitu walichokuwa wakikifukua misituni mwao tangu zamani. Mchoro wa mmea huo aliokuwa nao mtaalamu wa mimea Carolus Clusius huko Vienna, wa mwaka wa 1588, umeandikwa jina hilo hilo la trufa.

Jambo hili lilinijia akilini juzi, nikiwa mbele ya sahani ya chipsi.

Binti ya dada yangu amepata kazi yake ya kwanza mwaka huu, na kama ilivyo desturi ya watoto waliolelewa vyema, akataka kunilisha. Tukaenda mkahawa mmoja wa kifahari hapa Nairobi. Kwenye menyu neno trufa lilikuwa kila mahali: chipsi za trufa, risoto ya uyoga na trufa, hata mayonezi ya trufa. (Naandika trufa kwa kufuata umbo la Kireno na Kihispania, lugha ambazo kinywa chetu hakizisumbukii, Wareno walishatupa meza, mvinyo na gereza, na hatukuvunjika ulimi.) Chipsi za kawaida ziliuzwa shilingi 400. Zile za trufa, shilingi 950. “Anko, leo tunakula chakula cha wafalme,” akaniambia, akaagiza chipsi na risoto bila kuangalia upande wa kulia wa menyu, ambako mimi ndiko nilikokuwa nimekodoa macho.

Harufu ilitangulia sahani. Sijui niifananishe na nini: kitunguu saumu, majani yaliyolowa yakaanza kuoza, jibini iliyokaa, na nyuma yake kitu kama gesi ya kupikia inayovuja polepole. Nikaonja. Siwezi kudanganya, tonge la kwanza lilikuwa tamu, tena la kushangaza. La tano lilikuwa vilevile. La kumi nilikuwa nimechoka. Ladha hiyo haipandi wala haishuki. Inasimama palepale kama king’ora. Katika risoto mlikuwa na vipande vitatu vyeusi, vyembamba, laini kama ganda la biringanya iliyochemshwa, na harufu yake ya mbali sana, kama udongo baada ya manyunyu.

“Ni hii tu?” akauliza binti yetu.

Nikamwita mhudumu. “Kijana, trufa yenyewe iko wapi kwenye hizi chipsi?”

“Iko kwa mafuta, mzee.”

Kijana mwenye adabu zake, hakuona taabu kuniletea chupa. Lebo ilikuwa na picha nzuri ya trufa iliyokatwa. Orodha ya viambato ilikuwa na vitu viwili: mafuta ya zeituni na kiungo cha kutia ladha. Basi. Trufa haikuwemo. Vile vipande vya risoto, akasema, vilitoka kwenye mkebe.

Kwa hiyo mezani palikuwa na kiazi ambacho Ulaya ilikipa jina la trufa, kimenyunyiziwa mafuta yenye jina la trufa, na trufa yenyewe haikuhudhuria. Shilingi 550 za mshahara wa kwanza wa mtoto zililipia neno. Nikaona nilifuatilie neno hilo limetoka wapi.

Tuanze na kitu chenyewe. Trufa ni kuvu, ndugu ya uyoga, ila haichomozi juu. Hukua chini ya ardhi ikiwa imeshikana na mizizi ya miti kama mwaloni. Uyoga wa kawaida hufungua mwavuli wake, upepo ukabeba mbegu zake. Trufa haina upepo huko chini, kwa hiyo hutegemea tumbo la mnyama: inatoa harufu kali inapokomaa, mnyama anaifukua, anaila, anakwenda kuisambaza mbali. Harufu ndiyo kazi yake yote. Mwaka wa 1981 watafiti wa Ujerumani walitangaza kwamba wamekuta ndani ya trufa kemikali iliyomo pia kwenye mate ya nguruwe dume, na ulimwengu ukafurahi kuamini kwamba nguruwe jike huifukua trufa akidhani anatafuta mchumba. Hadithi tamu. Mwaka wa 1990 watafiti wa Ufaransa waliizika kemikali hiyo peke yake ardhini, nguruwe wakaipuuza. Walipozika kampaundi nyingine ya salfa, wakafukua. Nguruwe alikuwa anatafuta chakula tu, masikini.

Mtu wa kwanza tunayemjua kulalamika kwamba ameletewa trufa mbovu alikuwa mfalme. Mji wa Mari ulikuwa ukingoni mwa mto Furati, katika nchi ya leo ya Syria, na wachimbuaji wa Kifaransa walianza kuufukua mwaka wa 1933. Walikuta maelfu ya mabamba ya udongo yaliyoandikwa kwa Kiakadi. Miongoni mwake zimo barua za mfalme Zimri-Lim, aliyetawala karne ya 18 kabla ya Kristo, na za magavana wake. Gavana mmoja, Yaqqim-Addu wa Saggaratum, anajitetea katika barua yake. Tangu afike kituoni siku tano zilizopita amekuwa akimpelekea bwana wake trufa bila kukoma. Bwana wake amemwandikia kwamba ni mbaya. Gavana anamsihi mfalme asimlaumu: amepeleka zile alizookotewa. Takriban miaka 3,800 imepita, na mtu yeyote aliyewahi kuagizwa sokoni kisha akasutwa kwa alicholeta ataisikia sauti ya gavana yule kama ya jirani.

Neno alilolitumia gavana ni kamatu. Wanafunzi wa Kiarabu hawatahitaji kuongozwa: ndilo lile lile kamaa la Kiarabu, na Kiaramu kina la kwake la mzizi huo huo. Trufa hiyo si ile ya Ulaya. Ni ya jangwani, huota chini ya vichaka vidogo mvua za vuli zikija mapema, na mwenye macho huitambua kwa ufa mdogo mchangani. Haina harufu ya kukuangusha. Watu hawaikwangui kwa wembe kama dhahabu. Wanaimenya, wanaikata vipande na kuipika na wali au nyama, kwa kilo. Wairaki huiita chima, watu wa Ghuba huiita faga, na huko Maghreb ni terfas, jina ambalo wanasayansi walilitia Kilatini wakapata Terfezia. Mkenya anayefanya kazi Kuwait au Riyadh ataikuta sokoni mwanzoni mwa mwaka, ikiwa mbingu zilikuwa na huruma, na wauzaji watamtenganishia zubaidi nyeupe na ikhlasi nyekundu.

Wasomaji Waislamu huenda wanaijua bila kujua kuwa wanaijua. Katika Sahihi ya Bukhari, na ya Muslim vilevile, imo Hadithi iliyopokewa na Said bin Zayd inayoihesabu kamaa kuwa sehemu ya manna, na maji yake kuwa dawa ya jicho. Manna ni ile ile waliyoteremshiwa Wana wa Israeli jangwani, riziki isiyolimwa wala kupandwa. Mfasiri wa Kiswahili akifika hapo hujikuta njia panda. Akiandika uyoga, msomaji wa Kakamega atauona mwavuli mweupe kwenye kichuguu. Akiacha kamaa, msomaji atauliza ni nini. Akiifupisha iwe kama, basi ameharibu kabisa, maana sentensi itageuka mfano usiokuwa na kifananishwa.

Warumi walikula zaidi trufa hii ya jangwani, iliyotoka Afrika Kaskazini, na waliihusudu kupita kiasi. Mshairi wao Juvenal aliwakejeli walafi waliokuwa tayari kuisamehe Libya nafaka yake, bora iendelee kuwaletea trufa. Ila hawakujua ni kitu gani. Haina mzizi, haina jani, haina mbegu inayoonekana. Inatoka wapi? Mgiriki Theophrastus aliandika kuhusu imani kwamba huzaliwa na ngurumo za radi, na Plutarch akaweka wageni wa karamu wakilijadili jambo hilo hilo. Mabedui nao huiita binti wa radi. Kwa anayejua uyoga wa nchi za Magharibi mwa Kenya, hakuna la ajabu hapo. Obuolo wa Waluo, obwoba wa Waluhya: mvua inapiga, kumbikumbi wanaruka, na baada ya siku chache mahali palipokuwa patupu pamejaa. Mtu aliyelala usingizi akaamka akakuta chakula ana haki ya kuishukuru radi.

Pliny, mwanazuoni wa Kirumi wa karne ya 1, alikuwa na ushahidi wake. Ofisa mmoja wa Kirumi aliyetumikia Uhispania, Lartius Licinius, aling’ata trufa mjini Cartagena, meno yake ya mbele yakapinda kwa sababu ndani mlikuwa na sarafu ya dinari. Kwa Pliny hilo lilimaliza ubishi: trufa ni udongo uliojikusanya wenyewe ukawa bonge, na sarafu ikanaswa humo. Kilatini kiliiita tuber, yaani uvimbe, kana kwamba ardhi imetunga jipu. Katika neno hilo tuber ndimo mlimotokea truffe ya Kifaransa, trufa ya Kihispania, tartufo ya Kiitaliano na, kama tulivyoona, kiazi cha Wajerumani.

Mlimotokea na kitu kingine pia. Kwa Kiitaliano truffa, kwa f mbili, ni ulaghai, utapeli wa kumchukulia mtu mali yake, na ni neno la mahakamani hadi leo. Baadhi ya wanaetimolojia hulirudisha kwenye mzizi ule ule: kitu kilichofichwa, kisichoonekana kwa juu. Molière alipompa mnafiki wake jina la Tartuffe katika tamthilia iliyochezwa mara ya kwanza mwaka wa 1664, watazamaji wengi walisikia udongo na udanganyifu katika jina moja. Sikuanza kulisoma neno hili ili nipate mzaha kuhusu ile chupa, lakini lugha ina vituko vyake.

Heshima ya trufa ya leo, ya kwangua-kidogo-ulipe-sana, ni kazi ya Ufaransa na Italia. Baada ya Roma ilipotea mezani kwa karne nyingi, ikarudi taratibu. Katika karne ya 15 mwandishi Platina alisifu nguruwe wa Norcia kwa ustadi wao wa kuifukua. Mwaka wa 1825 Brillat-Savarin, hakimu aliyependa kula kuliko kuhukumu, aliifananisha na almasi, na mfano huo haujaachwa na wauzaji mpaka leo. Lakini kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi, na ndilo linalonivutia zaidi: miaka 100 na zaidi iliyopita trufa haikuwa haba namna hii.

Mwanzoni mwa karne ya 19 mkulima Joseph Talon, wa eneo la Apt kusini mwa Ufaransa, aliona kwamba ukipanda mbegu za mwaloni zilizodondoka kwenye miti yenye trufa, miti itakayoota nayo itazaa trufa. Hakujua sababu. Mwaka wa 1855 Auguste Rousseau wa Carpentras alionyesha trufa za shamba lake kwenye maonyesho makubwa ya Paris, na siri ikawa biashara. Kisha kuanzia miaka ya 1860 mdudu filoksera akala mizizi ya mizabibu ya Ufaransa. Wakulima waliofilisika waling’oa mizabibu wakapanda mialoni. Kufikia mwisho wa karne hiyo Ufaransa ilikuwa ikivuna trufa nyeusi kwa kiwango cha tani 1,000 au zaidi kwa mwaka. Siku hizi mavuno yake ni makumi ya tani. Vita Kuu vya Kwanza viliwaua wanaume waliojua mti upi unazaa na mwezi gani, vijana wakahamia mijini, misitu ikafunga. Ujuzi wa aina hiyo hauandikwi vitabuni; unakaa kichwani mwa baba, na mwana asiporudi unazikwa pamoja naye.

Sayansi ilichelewa kufika. Serikali ya Prussia, ikiionea wivu Ufaransa, ilimwagiza mtaalamu A. B. Frank wa Berlin atafute namna ya kulima trufa Ujerumani. Trufa hakuipata. Alichokipata ni kwamba nyuzi za kuvu na mizizi ya mti huungana na kulishana: kuvu hutoa maji na madini, mti hutoa sukari. Mwaka wa 1885 aliupa muungano huo jina mykorrhiza, yaani kuvu-mzizi kwa Kigiriki. Leo tunajua kwamba mimea mingi sana duniani huishi hivyo. Kwa maoni yangu, huo ndio mchango mkubwa wa trufa kwa binadamu kuliko sahani yoyote. Tangu miaka ya 1970 miche iliyoambukizwa kuvu hiyo makusudi imepandwa mbali na kwao, na Australia, ambayo ilivuna yake ya kwanza Tasmania mwaka wa 1999, sasa inaiuza Ulaya.

Trufa nyeupe ya Alba, kaskazini mwa Italia, imekataa kufugwa kwa namna hiyo ya wepesi, na bei yake inajua hivyo. Mfanyabiashara wa Alba, Giacomo Morra, alikuwa na kipaji cha kuuza jina. Mwaka wa 1949 alimpelekea mwigizaji Rita Hayworth trufa bora ya msimu, akaendelea kuwatumia watu mashuhuri mwaka baada ya mwaka, na magazeti yakafanya yaliyobaki. Mwaka wa 2007 tajiri Stanley Ho wa Macau alinunua moja ya kilo 1.5 kwa dola 330,000.

Sasa fikiria: dunia nzima imelisikia jina, na kitu ni kidogo. Tena hakihifadhiki, harufu yake hupungua siku hadi siku, na moto huifukuza. Pengo hilo lilikuwa linangoja mtu wa kulijaza. Mwaka wa 1967 wanakemia wa Italia walitambua kampaundi kuu ya harufu ya trufa nyeupe, ditiapentani, yenye atomi mbili za salfa, nayo hutengenezeka kwenye maabara kwa gharama ndogo. Kuanzia miaka ya 1980 chupa za mafuta yaliyotiwa harufu hiyo zilienea mikahawani. Mwaka wa 2007 mpishi wa Marekani Daniel Patterson aliandika katika gazeti la New York Times kwamba mafuta mengi ya aina hiyo hayana trufa ndani yake, na kwamba wapishi wenzake wengi hawakuwa wakijua. Trufa halisi ina makumi ya harufu zinazopishana. Mafuta yana moja, ikipigwa kwa nguvu. Kumbe king’ora nilichokisikia kwenye tonge la kumi kina jina la kikemia. Na pale lebo inaposema trufa nyeusi, mambo huwa ya kuchekesha zaidi, kwa kuwa kampaundi hiyo ni ya nyeupe hasa.

Hapa ndipo Kiswahili kinapoingia, kwa sababu menyu zetu sasa zinatafsiriwa, na tafsiri inaweza kuficha au kufichua. Kiunganishi chetu -a ni kidogo lakini kina kazi nyingi. Mafuta ya nazi yamekamuliwa kwenye nazi. Mafuta ya nywele hayakukamuliwa kwenye nywele. Mafuta ya taa ni ya kutia kwenye taa. Ukisema mafuta ya trufa, msomaji ataelekea kwenye nazi, na muuzaji anajua hivyo. Sabuni ya limau tumeizoea, hakuna anayeitafuta mbegu ndani yake, lakini hakuna pia anayeilipia mara mbili kwa kudhani limau limo. Lugha yetu inayo njia nyingine, -enye: mafuta yenye harufu ya trufa. Maneno mawili zaidi, na mnunuzi amejua anachonunua.

Kwa mtunga kamusi, ningependekeza trufa, ngeli ya i-zi, libaki kwa kuvu ya chini ya ardhi inayoota kwenye mizizi ya miti ya Ulaya. Maana ya pili iwe ile peremende ya chokoleti iliyozuka Ufaransa mwishoni mwa karne ya 19, ambayo nayo iliitwa hivyo kwa sura tu, unga wa kakao ukifanya kazi ya udongo. Ile ya jangwani tuipe faga, kama wanavyotamka Ghuba, ili mfasiri wa Hadithi apate pa kushika. Obuolo na obwoba vibaki uyoga wa kichuguu, ambao nao hauishi peke yake: mchwa huilima kuvu yake ndani ya kichuguu, na hakuna mtu aliyeweza kuilima kwa faida bila wao. Msimu wake, gunia moja la uyoga huo hupitia mikononi mwa akina mama wengi kando ya barabara ya Kisumu kuelekea Busia, na hakuna aliyeutilia chupa.